Udongo wa Mume Wangu

Kwa aliyenikuta leo kwa mara ya kwanza kwenye ukurasa huu wa kila wiki, nitafupisha yaliyopita ili tusichelewe.

Mimi ndiye wanayeniita Mama Mboji. Sijajaliwa mtoto, jina nimepewa na majirani kwa sababu ya kazi yangu. Naongoza kikundi cha wakulima ambao mashamba yao yamepangana kwenye mteremko mmoja. Tunakusanya majani, mabua, samadi na maganda ya sokoni, tunayarundika, tunayamwagia maji na kuyageuza mpaka yawe mboji nyeusi. Tunailisha ardhi yetu iliyochoka, na inayobaki tunauza.

Mume wangu aliondoka kwenda kuendesha malori ya safari ndefu. Mwanzo alirudi kila alipopata nafasi. Baadaye akawa anarudi akikumbuka. Kisha akasahau. Talaka hajanipa, na mume sina.

Mfadhili wa kikundi naye akatangaza kwamba muda wake umekwisha. Mteja wetu mkubwa, mwenye kitalu cha miche, akaturudishia mzigo mzima kwa sababu alikuta vipande vya chupa ndani yake. Na wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama mbele ya banda letu la mboji, funguo zangu mkononi, natazama kufuli ambalo silo langu.

Sikupiga kelele. Nilikwenda moja kwa moja kwa wifi yangu.

Huyu wifi ni dada wa mume wangu. Ni mjane, anashona sare za shule, na ndiye katibu wa kikundi chetu. Kaka yake alipokata mguu nyumbani, yeye hakuukata. Alikuwa akipita kwangu akitoka shambani, anakaa kwenye ngazi ya jikoni, anavua viatu, tunazungumza mambo yasiyo na kichwa wala miguu mpaka giza linaingia. Nikiumwa, yeye ndiye anayejua dawa zangu zinakaa wapi. Kwa kifupi, huyo ndiye ndugu niliyebaki naye.

Nilimkuta amejiinamia kwenye cherehani. Ufunguo mpya ulikuwa unaning'inia shingoni mwake.

"Wifi, ni wewe uliyefunga banda?"

"Ni mimi."

Akamaliza mshono kwanza, ndipo akazima cherehani na kunieleza. Kaka yake alikuwa amempigia simu. Mwenye matofali wa ng'ambo ya barabara alikuwa amemtafuta huyo kaka akitaka shamba la juu, kwa sababu chini ya udongo wetu mweusi kuna udongo mzuri wa mfinyanzi wa kufyatulia. Vijana wake walikuwa wameshakuja na majembe na kalibu zao za kufyatulia, wakataka kuziweka kwenye banda letu. Wifi akawahi kununua kufuli.

Nilipaswa kumshukuru. Kichwani mwangu hata hivyo lilikuwa limebaki jambo moja tu.

"Alikupigia wewe," nikasema.

"Ndiyo."

"Hakuuliza habari yangu?"

Wifi akakata uzi kwa meno. "Ningekuambiaje, wifi, kwamba mumeo anapiga simu kwangu?"

Hilo halikuwa jibu la swali langu. Nililiona, nikalimeza. Akanipa ufunguo mmoja, mwingine akabaki nao, nikarudi zangu.

Sasa ili mnielewe, lazima niwaeleze hilo shamba la juu. Ni la mume wangu, alirithi kwa wazazi wake. Nyumba ninayoishi iko hapo, na banda la kikundi liko hapo. Mvua ikinyesha, maji yote ya mteremko hupitia hapo kwanza. Zamani yalikuwa yanashuka kwa hasira, yanakomba udongo wa kila mtu na kuupeleka mtoni. Kwa misimu kadhaa tumechimba makinga maji, tumepanda majani ya kushika kingo, tumemwaga mboji, na sasa maji yakifika pale yanapunguza mwendo na kuzama. Shamba la wifi, lililo chini yake, limerudi kuwa na nyungunyungu. Hata Bwana Hoja, aliye chini kabisa, anayepinga kila kitu, anakiri kwamba maharage yake hayasombwi tena.

Mwenye matofali akichimba shimo pale juu, maji yatapata mlango. Msimu mmoja tu, na kazi yetu yote itakuwa tope mtoni.

Siku iliyofuata alikuja afisa wa mradi, dada mmoja mwenye sauti ya taratibu, kwa ziara yake ya mwisho. Alikuwa ametusukuma kwa muda mrefu tuandike mpango endelevu wa biashara, yaani kikundi kitaishije mfadhili akishaondoka. Neno hilo endelevu lilikuwa limetuchosha. Siku moja kwenye mkutano Bwana Hoja alisimama akauliza kwa heshima zote, huyu Endelevu ni nani, mbona kila siku anatajwa na hajawahi kuja na jembe? Tulicheka mpaka afisa mwenyewe akatoa leso.

Siku hiyo hatukucheka. Tulikaa meza ya jikoni kwangu, mimi naye, tukapitia kila kitu. Nani atanunua mboji, na kwa muda gani. Mashine ya kukatia mabua ikiharibika, nani ataitengeneza. Mimi nilikuwa nimefikiria jambo moja ambalo alilipenda sana. Wenye mashamba ya juu wanapoteza nafasi kwa sababu ya makinga maji, na faida inateremka kwa wa chini. Basi wa chini wawalipe wa juu, kwa mboji na kwa nguvu zao wakati wa kuzibua mitaro, kila msimu, kwa makubaliano ya miaka kumi. Udongo hauponi kwa mwaka mmoja, kwa hiyo mkataba wa mwaka mmoja ni kujidanganya.

"Hapa umefikiri," akaniambia. Nilijisikia kama mwanafunzi aliyesifiwa mbele ya darasa, ingawa darasa lenyewe lilikuwa mimi na birika.

Kisha akafunua ukurasa mwingine. Akauliza, mwaka wa tano, wewe ukiwa haupo, nani anaendesha?

Nikamwambia nitakuwepo.

"Kila mtu anasema hivyo, mama. Usiniandikie mpango unaoanguka siku ukiugua."

Nikatazama dirishani. Wengine wakiulizwa swali hilo wanataja mwanangu, wanataja binti yangu, wanataja mume wangu. Mimi nilitafuta jina la kutaja nikawa kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Nikamtaja wifi. Nikamwambia wifi anajua kugeuza marundo, anajua wateja, anajua hesabu, na watu wanampenda kuliko mimi. Yote yalikuwa kweli. Akaandika, akasema mpango umekamilika, akanipa mkono. Gari lake lilipokata kona nilibaki nimesimama getini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jioni zangu ndizo zilikuwa ngumu, msomaji wangu, na nimeahidi kutokuficha. Nilikuwa sijajifunza kupikia mtu mmoja. Nilikuwa nikipika cha wawili, nakula nimesimama kando ya jiko, kinachobaki nakipeleka kwenye rundo. Redio niliiwasha ili kuwe na sauti ya mwanamume ndani ya nyumba, hata kama anasoma bei za mazao.

Katikati ya kila rundo la mboji tunachomeka fimbo ya chuma. Ukiichomoa na kuishika, inakuambia kama rundo linafanya kazi: ikiwa ya moto, kila kitu kinakwenda vizuri. Jioni hiyo nilikwenda bandani, nikachomoa fimbo, nikaishika kwa mikono miwili. Nikakaa nayo mpaka ikapoa. Kisha nikachomoa ya rundo la pili. Sikuwa nakagua chochote.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenye kitalu.

Ni mzee wa makamo, sikio moja halisikii vizuri, kwa hiyo ukizungumza naye anakugeuzia upande mmoja wa uso kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa ajili ya vile vipande vya chupa. Nilimweleza kwamba sasa maganda ya sokoni tunayachambua kwanza juu ya turubai, na kwamba kila mzigo unachekechwa kabla ya kutoka. Nilikuwa nimebeba mfuko wa mboji mpya. Akatia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akanusa.

"Mboji yako haina neno," akasema. "Shida yangu si mboji. Shida yangu ni wewe. Mwakani utakuwepo?"

Ilikuwa mara ya pili naulizwa jambo lile lile.

Akanieleza kwa upole. Yeye anakuza miche ya miti ya matunda. Mche anaopanda leo atauuza baada ya misimu kadhaa, na ukibadilisha udongo katikati, unadumaa. Vikundi vilivyomjia na mipango mizuri vilikuwa vingi, na karibu vyote vilikufa mfadhili alipogeuka tu. Amesikia pia habari za mwenye matofali. Yuko tayari kuchukua mboji yetu yote, na kuweka ahadi ya muda mrefu, lakini anataka amsikie mwenye ardhi, kwa mdomo wake, mbele ya watu, akisema shamba la juu halitachimbwa.

"Mwenye ardhi ni mume wangu," nikasema.

"Basi rahisi."

Nilimwambia tutakutana kwenye mkutano wa kikundi.

Nilimpigia simu mume wangu nikiwa njiani, ili nisipate muda wa kuogopa. Nilikuwa nimejiandaa simu iite bila kupokewa, au ipokewe na mtu mwingine. Akapokea mwenyewe. Akaniamkia kama unavyomwamkia mtu wa benki. Nikamweleza habari ya kikundi, ya mteja, ya mpango, na ya mkutano. Sikumwuliza mengine. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema atakuja.

"Utakuja kweli?"

"Nimesema nitakuja."

Nikakata simu nikakaa kando ya njia, juu ya jiwe.

Hapa ndipo nitakapowaambia kitu ambacho hata wifi sikumwambia. Siku ya mkutano niliamka nikafagia nyumba yote. Nikabadilisha shuka. Nikavaa hereni ambazo alininunulia yeye tulipokuwa bado tunacheka pamoja. Nikajitazama kwenye kioo, nikazivua. Nikazivaa tena. Mwanamke mwenye akili zake angejua kwamba mtu anakuja kwa ajili ya shamba. Mimi akili zangu nilikuwa nazo, ila siku hiyo zilikuwa nyuma yangu hatua kadhaa.

Alifika mchana, kwa gari dogo. Amenenepa. Amepaka nywele rangi nyeusi, na ile nyeusi ilikuwa imepita kiasi. Alisimama kwenye uwanja wa nyumba yake mwenyewe kama mgeni anayengoja kukaribishwa, nikamkaribisha. Nikampa maji. Akanywa yote, akageuza macho ukutani, akaona picha yetu bado ipo, akarudisha glasi.

"Umepatunza," akasema.

"Ni kwako."

Nikamwuliza kama atakula kabla ya mkutano, akasema wakimaliza. Alisema wakimaliza, hakusema tukimaliza. Lakini nilikuwa nimeshaamua kusikia mazuri tu. Nikamwuliza kuhusu mwenye matofali, akasema hilo nisiwe na wasiwasi nalo, amekwisha kumkatalia.

Nilitaka kumshika mkono nikajizuia, nikashika glasi.

Tukatembea pamoja kwenda bandani, yeye mbele, mimi nyuma. Njiani aliinama, akaokota bonge la udongo, akalivunja kwa vidole. Akaonekana kushangaa. Alipoondoka, udongo ule ulikuwa mwekundu na mgumu, ukipiga jembe linarudi.

Wanachama walikuwa wameshakaa juu ya makreti yaliyopinduliwa. Mwenye kitalu alikuwa amepewa kiti pekee chenye mgongo, amegeuza sikio lake zima upande wetu. Wifi alikuwa kwenye meza ya katibu. Kaka yake alipoingia hakuinuka kumlaki. Nilidhani ni hasira kwa ajili yangu, nikampenda zaidi.

Nilifungua mkutano. Nikaueleza mpango wote kwa lugha ya kawaida. Tutafanya kazi kama shamba moja lenye wenyewe wengi. Wa chini watawalipa wa juu. Mboji itapitia mkono wa mteja mmoja mkubwa kwanza, ya ziada tutauza reja reja. Mashine itakuwa ya kukodishwa hata kwa wasio wanachama, na kodi hiyo ndiyo itakayoitengeneza. Kila msimu tutapima udongo, na shamba linalorudi nyuma litasaidiwa na wote, kwa sababu shamba moja likioza, maji yake yanamfikia jirani.

Bwana Hoja akauliza maswali yake. Akauliza mtu akifa mkataba unakuwaje. Akauliza mtoto akitaka kuuza inakuwaje. Akauliza, na mbuzi wa watu wakila majani ya kingo, Endelevu atawafukuza? Watu wakacheka, mimi nikajibu moja baada ya jingine, na majibu yalikuwepo. Sijawahi kujibu vizuri kama siku ile. Mara mbili nilimwona mume wangu akitikisa kichwa kukubali.

Ndipo nikamkaribisha mwenye ardhi aseme.

Akasimama. Alizungumza vizuri, alikuwa na kipaji hicho tangu ujana. Akasema alipolima mara ya mwisho udongo ule ulimfukuza, ndiyo maana alitafuta usukani. Leo ameushika, hakuamini. Akasema shamba lile la wazazi wake halitachimbwa tofali hata moja, na kwamba yuko tayari kulifunga kwenye mpango wa kikundi kwa miaka kumi yote tuliyoomba, mbele ya mwenye kitalu na mbele ya kila mmoja.

Watu walipiga makofi. Mwenye kitalu akainuka kwenye kiti chake akampa mkono. Mtu mmoja nyuma akaanza vigelegele. Mimi nilikuwa nimeketi nikifuta macho kwa upande wa kanga, na sikuona aibu.

Akangoja makofi yaishe. Akasema limebaki jambo moja, la kifamilia, ila kwa kuwa linagusa kikundi, ni vizuri walijue.

Yeye amechoka barabarani. Anarudi nyumbani kuishi. Anarudi na mke wake na watoto, na nyumba ni hiyo moja. Shamba la kikundi litabaki la kikundi, banda litabaki la kikundi. "Lakini mama huyu," akasema, akanielekezea mkono bila kunitazama, "itabidi apishe. Kabla ya mvua."

Mama huyu.

Nilisikia rundo likijikalia lenyewe, ule mnong'ono mdogo wa mabua yanayoshuka. Wote walikuwa wameangalia chini. Mtu ambaye mwezi uliopita nilimpelekea mboji kwa toroli langu mwenyewe alikuwa anakwangua matope kwenye kiatu chake kwa makini ya ajabu. Bwana Hoja alifungua mdomo akaufunga. Mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na hoja.

Ni mwenye kitalu aliyezungumza, na hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kile ambacho mfanyabiashara yeyote angeuliza: kama mwenyekiti ataondoka, kazi nani ataiendesha?

Mama mmoja wa mashamba ya katikati akasema, polepole, kama anayeomba msamaha, kwamba kwenye mpango limeandikwa. Mwenyekiti asipokuwepo, katibu anashika.

Ni mimi niliyeandika hivyo. Kwenye meza yangu ya jikoni.

"Hilo nimeshalizungumza na dada yangu," akasema mume wangu.

Nikageuka kumtazama wifi. Alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta uzi uliochomoza kwenye pindo la mkono wa gauni lake. Aliuvuta, ukazidi kuja, akaendelea kuuvuta. Kuna siku nyingi nimeusoma uso ule nikajua kilichomo. Siku hiyo sikupata hata herufi moja.

Amezungumza naye lini? Kwenye ile simu? Au kuna simu nyingine? Na lile kufuli, alilinunua kumzuia mwenye matofali, au kumhifadhia kaka yake mahali? Nilikuwa najiuliza yote hayo, na hapohapo nikawa naona aibu kwa kujiuliza, kwa sababu huyu ndiye aliyenishika kichwa nilipokuwa natapika kwa homa.

Mume wangu akaketi. Akasema yeye hana neno zaidi, kikundi kiamue. Kikikubali, ahadi ya miaka kumi ipo. Kisipokubali, hana ugomvi na mtu, mwenye matofali namba yake anayo.

Basi kila mtu akanitazama. Mnajua kwa nini? Kwa sababu kwenye taratibu za kikundi chetu, jambo lolote zito linaamuliwa kwa mikono, na anayeitisha mikono ni mwenyekiti.

Nilisimama. Nikawatazama watu wangu mmoja mmoja. Nilijua hali ya udongo wa kila aliyekuwa pale. Nilijua wa nani unashika maji na wa nani bado unapasuka jua likizidi. Nilijua kwamba nikisema hapana, nyumba itabaki yangu kwa muda, na kando yake kutakuwa na shimo. Nikisema ndiyo, mteremko mzima utapona, na mimi sitakuwepo kuuona. Sikujua mwanamke wa umri wangu akitoka na sanduku anaelekea upande gani. Wazazi wangu hawapo. Kwetu kulishauzwa.

Nilingoja. Nitakuwa mkweli kwenu: nilingoja mtu mmoja aseme hapana kwa niaba yangu. Hata kama tungeshindwa. Nilitaka tu kuisikia sauti ya mtu akisema jina langu pale ndani.

Hakuna aliyesema. Mwenye kitalu alikohoa, akatazama saa yake, akaificha haraka kwa sababu ya adabu.

"Wanachama," nikasema, na sauti ilitoka sawasawa, sauti ile ile ninayotumia kugawa zamu za kugeuza marundo. "Mmesikia ombi la mwenye ardhi na sharti lake. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono ilikaa mapajani. Nikaona vidole vikicheza, vikifumba, vikifumbua. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake awe wa kwanza, na hata hilo lilinifariji kidogo.

Kisha mkono mmoja ukapanda.

Ulikuwa wa wifi yangu, na ule uzi mrefu bado umening'inia kwenye pindo.

Aliuinua mpaka juu kabisa, akasimama, kreti likaanguka nyuma yake. Kaka yake akatabasamu na kujiegemeza. Mimi nilibaki namtazama, nikitafuta kama mkono ule ni wa kukubali au ni wa kuomba kusema, na yeye hakunisaidia kujua. Tangu siku niliyoolewa hadi siku hiyo, mbele ya watu au tukiwa peke yetu, katika furaha na katika ugomvi, aliniita wifi. Hajawahi kuniita kwa neno jingine.

Akanitazama usoni.

"Mwenyekiti," akasema.